Taa ya Wote, Swichi ya Mmoja

Umeme ulipopanda vilima vya Wilaya ya Nyasa ulikuta nyumba ambazo hazikujengwa kwa ajili yake. Hapa Kingerikiti, kama ilivyo Umatengoni na kule chini mwambaoni mwa Ziwa Nyasa, mji wa mtu ni zaidi ya jengo moja. Ipo nyumba kubwa ya tofali za kuchoma, lipo jiko lililosimama peke yake nyuma, kipo choo na bafu mbele kidogo, lipo banda la mifugo, na kwa mkulima wa kahawa vipo vichanja vya kuanikia. Shughuli za jioni hupita katikati ya majengo hayo. Chakula kinatoka jikoni kwenda sebuleni, maji ya moto yanatoka jikoni kwenda bafuni, mtoto anapelekwa chooni usiku wa manane. Msimu wa kahawa ukifika, cheri zilizochumwa mchana humenywa jioni kwa mashine ya mkono, na kazi hiyo haisubiri kesho. Kwa hiyo taa inayohitajika kuliko zote ni ya uani, ile inayomulika njia ya kila mtu.

Sasa itafute swichi yake. Katika nyumba nyingi iko sebuleni, kando ya mlango wa mbele, kwa kuwa fundi alianzia hapo na meinswichi imefungwa hapo. Kwingine iko chumbani kwa baba. Taa ni ya mji mzima, lakini mkono unaoiwasha ni wa mtu mmoja. Mama aliyeshika sufuria ya moto anapaza sauti awashiwe. Bibi anayelala nyumba ndogo ya pembeni akitaka kutoka saa nane usiku anatafuta tochi ya simu, na simu haina chaji. Anayetangulia kulala anazima ili kuokoa uniti, na aliyebaki bafuni anarudi akipapasa ukuta. Masika majani yakiwa marefu, nyoka nao hupita njia hizo hizo.

Jambo hili ni zito kuliko linavyochukuliwa. Tumehangaika miaka mingi kuupata umeme, kisha tumeufunga kwa namna inayowaacha gizani hao hao wanaotembea sana usiku: akina mama, wazee na watoto. Na dawa yake ipo, ni ya zamani, na haihitaji kubomoa nyumba. Ni kuifanya taa moja iwashwe na kuzimwa kutoka sehemu mbili, au tatu, kwa kubadili swichi na kuongeza nyaya.

Kuchelewa kwa umeme kunaeleza mengi. Hadi mwaka 2018 Mkoa wa Ruvuma ulikuwa nje ya gridi ya taifa. Songea na Mbinga zilitegemea majenereta ya dizeli ya shirika la umeme, TANESCO, na Masista Wabenediktini wa Chipole walikuwa wamejenga mtambo wao wa maji wa Tulila, wa megawati 5, katika Mto Ruvuma. Gridi ilifika mwaka huo wa 2018 kupitia njia ya kilovoti 220 kutoka Makambako hadi Songea, iliyojengwa kwa msaada wa Sweden. Nguzo za miradi ya REA, Wakala wa Nishati Vijijini, nazo zikashuka vijijini, na familia ya kijijini ikaweza kuunganishwa kwa shilingi 27,000. Serikali inahesabu vijiji 12,318 vya Tanzania Bara kuwa vimefikiwa, na sasa kazi imehamia kwenye vitongoji.

Lakini hizo 27,000 ni za kuvuta umeme hadi kwenye mita. Wayaringi ya ndani ni mzigo wa mwenye nyumba, na wengi waliifanya kwa fedha ya msimu mmoja wa kahawa, haraka, wakihofia mkandarasi ataondoka na nguzo zake. Wasio na uwezo walifungiwa kifaa cha UMETA, yaani Umeme Tayari, ubao mmoja wenye breka, soketi na taa. Katika haraka hiyo kila taa ilipewa swichi moja, na swichi ikakaa pale ambapo waya ni mfupi. Simlaumu mtu. Ila haraka imekwisha, taa ziko juu, na nyumba inaweza kutazamwa upya kwa utulivu.

Swichi ya kawaida ina sehemu mbili za kufungia nyaya: moto unaingia, moto unatoka. Swichi ya njia mbili ina sehemu tatu, moja imeandikwa COM na mbili nyingine L1 na L2. Ndani yake hakuna mahali pa kuzima. Kila unapoibonyeza, COM inaiacha L1 na kuishika L2, ukibonyeza tena inarudi. Ili taa ya uani iwake kutoka sebuleni na kutoka jikoni, unafunga swichi mbili za namna hiyo. Waya wa moto unaingia kwenye COM ya sebuleni. COM ya jikoni inapeleka moto kwenye holda ya taa. Katikati zinapita nyaya mbili za kupokezana, L1 kwa L1 na L2 kwa L2. Nyutro haipiti kwenye swichi yoyote, inakwenda moja kwa moja kwenye holda.

Fuatisha moto kwa kidole. Swichi zote mbili zikiwa zimeshika L1, njia imekamilika, taa inawaka. Zote zikishika L2, inawaka vilevile. Moja ikiwa L1 na nyingine L2, moto unafika hadi nusu ya njia na kukwama. Hali ziko nne tu, mbili za kuwaka na mbili za kuzima, na ukibonyeza swichi yoyote unahama kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Kwa sababu hiyo kwenye swichi hizi juu na chini havikuambii kitu. Taa inaweza kuwa imezimwa huku swichi moja ikionekana imewashwa, au kuwaka huku zote zikionekana zimezimwa. Watoto hulizoea mapema kuliko wakubwa.

Kasoro inayojitokeza kuliko zote inatoka kwenye ile COM. Dalili zake utazitambua: taa inatii swichi ya jikoni, lakini mpaka ya sebuleni iwe imebonyezwa upande fulani. Mtu akibonyeza ya sebuleni, ya jikoni inakuwa kama imekufa. Watu huishi na hali hiyo miaka, wakipeana maagizo kuwa hii ya sebuleni isiguswe, na wengine hununua swichi mpya wakidhani ya zamani imeharibika. Swichi ni nzima. Kilichotokea ni kwamba waya uliopaswa kuwa kwenye COM umefungwa L1 au L2, na mmoja wa wale wa kupokezana umekaa kwenye COM. Hutokea hasa swichi inapobadilishwa. Fundi anafungua ya zamani, anakariri kuwa mwekundu ulikuwa juu na mweusi chini kushoto, anafunga mpya kwa mpangilio huo huo, bila kujua kuwa kiwanda hiki huweka COM juu na kile huiweka chini. Kinachofuatwa ni maandishi yaliyo nyuma ya swichi. Kabla ya kulegeza skrubu hata moja, waya uliomo COM uviringishiwe kipande cha tepu, na picha ipigwe kwa simu.

Rangi nazo zisiaminiwe sana. Nyumba zilizofungwa kwa mtindo wa zamani wa Kiingereza zina mwekundu wa moto na mweusi wa nyutro. Uingereza yenyewe ilianza mwaka 2004 kuhamia kwenye kahawia kwa moto na bluu kwa nyutro, na madukani kwetu roli za mitindo yote miwili zinauzwa kwenye rafu moja. Juu ya hapo, katika njia ya swichi mbili, nyaya zote tatu zinazoshuka kwenye swichi zinaweza kuwa na moto. Mweusi ukiwa waya wa kupokezana si nyutro tena, hata kama umezoea kuuita hivyo. Fundi makini huuvalisha tepu nyekundu au kahawia kwenye ncha zote mbili, ili atakayefungua baada yake asiuguse kwa ujasiri.

Hapo ndipo hatari inapoanza, na hapa sitaki kupita haraka. Umeme wa nyumbani ni voti 230, na unaua. Anayebadili swichi azime meinswichi, kisha apime kwa kipimio cha ncha mbili kwamba kweli hakuna moto. Testa ya bisibisi inaweza kudanganya. Nasisitiza meinswichi kwa sababu ya mazoea mawili tuliyonayo. La kwanza ni kusubiri umeme ukatike ndipo mtu apande kwenye stuli na plaisi mkononi. Umeme uliokatika haujazimwa, unarudi bila hodi. La pili ni kufanya kazi wakati uniti zimekwisha kwenye LUKU, mita ya kulipia kabla. Mtoto aliyetumwa kununua uniti akirudi na kuzibonyeza kwenye rimoti, hajui kuwa mjomba ameshika waya nyuma ya nyumba.

Kuna pia tamaa ya kuokoa waya, na kwa miji yetu yenye majengo mawili ndiyo hatari zaidi. Fundi anaona kuwa nyumba ina moto na nyutro, na jiko nalo lina moto na nyutro kwa ajili ya soketi. Anajiuliza kwa nini avute nyaya za kupokezana. Anaingiza moto na nyutro kwenye L1 na L2 za swichi ya nyumbani, anafanya hivyo hivyo kwenye swichi ya jikoni, kisha anatoa waya mmoja kutoka kila COM hadi kwenye holda. Taa inawaka na kuzimika kutoka pande zote mbili, mwenye nyumba anafurahi. Lakini taa hiyo inaweza kuwa imezimwa kwa sababu pande zote mbili za holda zina moto. Anayebadili balbu anaikuta nyeusi, anaamini ni salama, anaingiza kidole kwenye holda yenye voti 230. Wamarekani waliwahi kuufunga mtindo huu kwa ajili hiyo hiyo ya kuokoa waya, na kanuni zao za umeme zikaupiga marufuku mwaka 1923. Miaka mia moja baadaye hatuna sababu ya kujifunza somo hilo upya kwa miili yetu.

Ubaya huongezeka pale majengo mawili yanapokuwa na LUKU mbili. Kijana ameoa, amejenga pembeni ya wazazi, amevuta mita yake, na familia mbili zinataka taa moja ya uani. Nia ni njema. Lakini moto ukitoka kwenye mita ya baba na nyutro ikarudi kupitia mita ya mwana, kuzima meinswichi ya nyumba moja hakuondoi hatari kwenye waya, na kama kuna breka inayokata umeme unaovuja, itaruka kila taa inapowashwa. Na kama nyumba hizo zimeunganishwa kwenye fezi tofauti za nguzo, kati ya moto na moto kuna voti 400. Taa ya pamoja ichukue moto na nyutro kutoka mita moja, na swichi zote zifuate mita hiyo. Familia zikitaka kugawana gharama zigawane kwa fedha mkononi.

Gharama yenyewe ni ndogo kuliko ugomvi wake. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 12 usiku kucha, kwa siku 30, inakula uniti 3.24. Kwa mtumiaji mdogo asiyevuka uniti 75 kwa mwezi, anayelipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, hiyo ni shilingi 324. Kwa aliyevuka na kuhamishiwa bei ya shilingi 292, ni kama shilingi 946. Balbu ya zamani ya wati 60 ingekula uniti 21.6, na hapo manung'uniko yangekuwa na haki. Naandika hesabu hii kwa sababu katika nyumba za kupanga, Mbinga mjini, Mbamba Bay na hata kwenye vituo vidogo vya biashara, taa ya korido na ya chooni ndiyo chanzo cha maneno. Wapangaji wanachangia LUKU moja, swichi ya taa ya pamoja iko chumbani kwa mmoja wao, naye anaizima saa tatu usiku akisema analinda uniti za wote. Wakati huo chumba cha pili kina birika la wati 2,000, ambalo likichemsha kwa jumla ya saa moja na dakika 37 kwa mwezi mzima linakula sawa na taa hiyo. Kinachoisukuma nyumba nzima kuvuka uniti 75 ni birika, pasi na jiko la koili, wala si taa ya njia ya chooni. Mwenye nyumba anayejali wapangaji wake aihamishe swichi hiyo kutoka chumbani, aweke moja mwanzo wa korido na nyingine mwisho wake.

Kazi yenyewe katika nyumba iliyokwisha kujengwa inategemea nyaya zilipitaje. Kama zimepita ndani ya paipu za plastiki zilizofukiwa ukutani, waya wa zamani unaweza kutumika kuvutia mpya. Unafungwa ncha kwa ncha, mmoja anavuta huku mwingine akisukuma taratibu, mradi paipu haina kona kali na haijabanwa na zege. Kama zimepita juu ya kenchi za paa bila dari, ni rahisi zaidi, ila panya wa nyumba zenye mahindi ya akiba hupenda ganda la waya, kwa hiyo paipu inafaa hata huko juu. Waya wa milimita 1.5 za mraba unatosha kwa taa. Maungio yakae ndani ya boksi na yabanwe kwa konekta. Waya uliosokotwa kwa vidole na kuzungushiwa tepu hulegea na kupata moto.

Kipande kigumu ni kile cha nje, kati ya nyumba na jiko. Hapo nimeona waya wa kawaida wa ndani umetundikwa kutoka bati hadi bati, umepitia mti wa mparachichi, na chini yake kanga zimeanikwa. Jua hulikausha ganda lake likapasuka, mvua ikaingia, na upepo wa milimani ukasugua palipopasuka kwenye ukingo wa bati. Bati likishika umeme, nyumba nzima iko hatarini. Nyaya za kwenda jikoni zizikwe, kwa kebo yenye ganda la chuma iliyotengenezwa kwa ajili ya ardhini, kwenye mtaro wa kina ambacho jembe la bustani haliwezi kukifikia, au zipite juu zikiwa zimebebwa na waya wa chuma, juu ya kichwa cha mtu aliyebeba kuni. Waya wa ardhi usiachwe. Hapa ndipo fedha inapokwenda, na ndipo nisingependa mtu abane matumizi.

Nyaya za sola za zamani zibaki kwenye sola. Nyumba nyingi zilikuwa na paneli na betri ya voti 12 kabla ya nguzo kufika, na nyaya zake nyembamba bado zinaning'inia ukutani zikishawishi. Ganda la nyingi kati yake halikukusudiwa kwa voti 230. Swichi nazo zina tofauti. Umeme wa betri ni mkondo mnyoofu, na cheche inayoruka swichi inapoachana hudumu zaidi kuliko kwenye umeme wa TANESCO. Tatizo hilo la cheche ndilo lililomfanya John Henry Holmes wa Newcastle, Uingereza, abuni mwaka 1884 swichi inayoachana kwa kishindo cha springi, mtindo ambao hadi leo uko ndani ya swichi za ukutani. Anayetaka kutumia swichi moja kwa sola na gridi kwa wakati mmoja aambiwe hapana bila kuzungushwa.

Baada ya kazi kukamilika huenda usiku ukaona balbu ya LED inang'aa kidogo ingawa imezimwa. Uwezekano ni wa aina mbili. Swichi inaweza kuwa inakata nyutro badala ya moto, na hilo ni la kurekebishwa siku hiyo hiyo, kwa sababu holda ina moto muda wote. Au nyaya za kupokezana zimekwenda sambamba umbali mrefu, ule wenye moto ukaambukiza umeme kidogo kwenye waya jirani, na LED ikatosheka nao. Hili la pili halina hatari, na mara nyingi balbu ya aina nyingine humaliza tatizo. Fundi ndiye wa kupima na kusema ni lipi.

Na kama bibi wa nyumba ndogo naye anataka swichi yake? Inawezekana. Kati ya zile swichi mbili za mwisho inaongezwa swichi ya kati, yenye sehemu nne za kufungia. Nyaya mbili za kupokezana zinaingia upande mmoja na kutoka upande wa pili, na kila inapobonyezwa inazipisha: ya L1 inatokea L2, ya L2 inatokea L1. Swichi za kati zinaweza kuongezwa mbili, tatu, hata kumi, mradi zote zikae katikati na zile za njia mbili zibaki mwanzo na mwisho. Si kila duka la vifaa vya ujenzi lina swichi hizi, pengine itabidi kuagiza Mbinga au Songea, na muuzaji asikupe ya njia mbili akidai ni kitu kimoja.

Fundi wa kazi hii awe na leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji. Wakati wa kuunganishwa mara ya kwanza, fomu ya wayaringi hupita kwa mkandarasi aliyesajiliwa kabla ya TANESCO kuwasha. Mabadiliko ya baadaye hakuna anayekuja kuyakagua, na hapo ndipo kila mwenye plaisi anapojitangaza fundi. Muulize kabla hajaanza: COM ya kwanza inapokea nini, COM ya mwisho inapeleka wapi, nyutro inapita wapi. Anayejua atajibu papo hapo. Akimaliza, mjaribu taa pamoja katika hali zote nne, kisha zimeni meinswichi aichore njia hiyo kwenye karatasi: swichi ziko wapi, waya wa moto unatoka breka ipi, tepu ya rangi gani imewekwa kwenye waya upi, na tarehe. Karatasi ifungwe kwenye mfuko wa nailoni na ibandikwe ukutani kando ya meinswichi, mahali ambapo fundi wa mwaka wa kesho ataiona kabla hajagusa skrubu.